Vipimo vya Nyuma ya Pazia

Nianze na mkono, kwa sababu habari yote hii ni ya mkono, ingawa kila mtu aliambiwa ni mgongo.

Mkono wangu wa kuume ulianza kufa ganzi msimu wa mvua uliopita. Kwanza kidole cha mwisho, halafu cha pili yake, halafu asubuhi moja nikashindwa kufunga vifungo vya shati, nikadhani ni shati lililoharibika. Mwuguzi wa zahanati alinivua shati hilo, akaangalia mistari miwili myeusi mabegani, akauliza nabeba nini. Nikamwambia nyama. Akauliza naibebea kwenye nini. Nikamwambia saki ya mahindi niliyoifunga kamba za mpira wa baiskeli. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuwaona wengi.

"Hii kamba inabana mishipa chini ya kwapa," alisema. "Ubebe na kiuno, Papa Mukalay, ao uache kubeba. Kama hapana, mukono itakufa, na ikikufa hairudiake."

Kuacha kubeba ni kuacha kuwinda. Watu wa mjini hawaelewi jambo hilo. Wanadhani kazi ni kupiga bunduki. Kupiga ni kazi ya kupepesa jicho. Mnyama akishakufa ndipo anapokuwa mzito. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa injini za reli, alikuwa akitoka Jumamosi mchana na kurudi Jumapili kabla ya misa na mbawala begani. Siku hizi unaendesha baiskeli siku nzima hadi kijiji cha mwisho upande wa Kaniama, unaiacha kwa wenyeji, halafu unatembea siku mbili. Na kurudi ni siku mbili zilezile, ila sasa una kilo arobaini za nyama ya moshi mgongoni. Nina miaka arobaini na tisa. Nimechoka. Nasema waziwazi, nimechoka, na nilikuwa nimechoka hata kabla ya mkono.

Lakini kazi ya reli haikunipata, na shamba la mke wangu halitoshi, na kitu pekee ninachokijua vizuri duniani ni pupu, hii bunduki ya mafundi wa kwetu niliyoirithi kwa mjomba. Kwa hiyo sikumwambia mtu habari za mkono ila Tshala, mke wangu, tena nikamwapisha: ukiulizwa, sema mgongo. Mgongo unamuuma kila mtu Kamina. Mwindaji asiyesikia kidole chake ni habari nyingine kabisa, na habari hiyo ingefika porini kabla yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, nimewaambia wengine methali hiyo mara nyingi.

Basi nikaenda Base, kambi ya jeshi, kutafuta begi.

Kule Base ya Kamina, wake za askari wanauza kila kitu kinachouzika: samaki wakavu wa Kinkondja, sabuni, nguo za mitumba. Mmoja wao, Ngalula, alikuwa amefungua robota lililojaa mabegi ya Ulaya, yale ya watu wanaopanda milima na kuwinda kwa raha zao. Nililipenda moja mara tu nilipoliona. Lilikuwa la kijani, na mifuko kila upande, hata mfuko wa kutia chupa ya maji. Nililivaa, nikageuka huku na huku. Ngalula alikuwa anamenya karanga, hakuinua macho.

"Ile iko muzuri kwa macho," alisema, "lakini haina mifupa. Ukitia kilo makumi tatu inakuwa saki tu. Kamata hii."

Alinisukumia kwa mguu begi la rangi ya udongo, limechakaa, limefungwa kwenye fremu ya vyuma vyepesi kama ngazi ndogo. Chini lilikuwa na mkanda mpana wenye sponji.

"Hii iko mubaya, mama."

"Iko mubaya kama bwana yangu, lakini inabeba." Wanawake wenzake wakacheka. Akaendelea kumenya. "Unaona ule mukaba? Ile njo inabeba. Bretele ya mabega ni ya kushika tu, begi isianguke nyuma. Na unaona haya matundu ku chuma? Unapandisha bretele, unashusha, kufuata mugongo yako."

"Mugongo yangu ni murefu ao mufupi?"

"Minyi sijue mugongo yako, papa. Tafuta muntu anajua kupima. Na usipime bure, tia muzigo ndani. Begi bila muzigo inamukalia muzuri kila muntu."

Nililichukua lile baya. Hapo nilikuwa na akili, na ningependa ikumbukwe kwamba nilikuwa nayo.

Nilipolifikisha nyumbani, Tshala aliligeuza, akavuta kamba zake. Nikajua anachofikiri, nikatamani asikiseme.

"Muntu wa kupima iko moja tu mu Kamina," akasema. "Mama."

Mama yake ni Mama Mbombo. Alikuwa mke wa askari, na kwa miaka zaidi ya ishirini alishona mahema na mabegi ya wanajeshi kule Base, hadi mumewe alipofariki akahamia mjini, nyuma ya stesheni. Cherehani yake bado inalia. Hakuna turubai, mkoba wala mkanda asiojua unakaa wapi mwilini mwa mtu. Mtu mwingine yeyote Kamina angeweza kwenda kwake akasimama, akapimwa, akaondoka. Mimi siwezi, kwa sababu mimi ni muko wake, mkwe wake.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Akija njiani naingia majanini. Nikiwa uani kwake yeye hukaa ndani, na akitaka kunisalimu humtuma mwanawe. Kwa miaka kumi na tisa nilimjua kwa sauti na kwa visigino. Desturi yenyewe ina mlango wa kutokea: mwanaume analeta kuku na kitenge kipya, wanakula pamoja mchana mmoja, aibu inaondoka, basi, mnaonana kama watu. Wenzangu wengi walimaliza jambo hilo mwaka wa pili wa ndoa. Mimi nilisema mwaka kesho, halafu mwaka kesho. Kusema kweli nilipenda mambo yalivyokuwa. Mama mkwe asiyeweza kukuona hawezi kukuuliza kwa nini bati lako linavuja.

Tulikwenda siku ya Jumatatu. Kwa heshima nilivaa suruali ya kanisani na nikaipandisha juu hadi kitovuni, kama wanavyovaa mashemasi. Mama Mbombo alikuwa chumbani, mimi sebuleni, kati yetu pazia la maua. Tshala alisimama katikati na futi ya kushonea, mke wa huku na mtoto wa kule.

"Ambia baba ya batoto ainamishe kichwa," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Nyuma ya shingo kuko mufupa moja inatoka. Uweke kidole pale."

Tshala akaweka kidole.

"Umeweka?"

"Nimeweka, mama."

"Sasa shuka na uti wa mugongo, moja kwa moja, mupaka…" Sauti ikakatika.

Tulingoja. Mimi nilijua inakotakiwa kufika, na yeye alijua, na Tshala alijua. Inatakiwa kufika kwenye nyonga, pale mfupa unapopanda pembeni, ambapo mtu huweka mikono akiwa amekasirika. Lakini mama mkwe hawezi kutaja nyonga za mkwe wake. Hawezi hata kuzifikiria. Na Tshala, mama yake akiwa hatua tatu, hangeweza kuanza kunipapasa kiuno. Kikohozi kilisikika. Halafu sauti ikarudi, ndogo zaidi:

"Mupaka ku mukaba ya patalo."

Na mkanda wa suruali, kwa ajili ya heshima, ulikuwa kitovuni.

Tshala alipima hadi hapo. Akatamka vipimo. Nyuma ya pazia Mama Mbombo akauliza, "Bwana yako ni mufupi vile?" Tshala akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Palikuwa na picha ya Bikira Maria na kalenda ya mwaka uliopita. Ningeweza kusema. Maneno matatu tu: suruali iko juu. Lakini kumwambia mama mkwe habari za suruali yangu! Nikanyamaza. Tshala naye akasema, "Ndiyo, mama, ni vile," na begi likapitishwa chini ya pazia. Likarudi baada ya nusu saa, bretele zimeshushwa, mishono imekazwa, kazi safi ya mikono inayojua. Kwa mwili wa mtu mwingine.

Nyumbani nilitia blanketi mbili ndani, nikatembea hadi kwenye kisima, nikasema iko sawa. Nilikumbuka aliyosema Ngalula kuhusu mzigo. Lakini kuteremsha gunia la mahindi, kulipakia, kulipakua, mwili ulikataa. Nilijiambia porini kutakuwa na mzigo wa kutosha.

Tulitoka Alhamisi mimi na Lucien. Lucien ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana watoto wanne, nimemfundisha kuwinda tangu hajaoa. Siku ya tatu nilipiga nguruwe pori mkubwa karibu na mto. Kidole kilikuwa kimelala nusu lakini kilivuta. Tukachoma, tukakausha kwa moshi, tukagawana mizigo. Nilipanga nyama, vipande vizito karibu na mgongo na juu. Nikainuka.

Mkanda ulinikaa tumboni. Si chini ya tumbo, katikati, kama mtu anayekamuliwa. Hatua mia moja, pumzi ikakata. Nilijaribu kuusukuma uende chini, ukapanda tena, maana fremu ilikuwa fupi na begi lote lilining'inia mabegani kama kawaida. Mwishowe nikaulegeza. Kilo arobaini zikarudi palepale kwenye mistari miwili myeusi. Sasa nilikuwa nimebeba na vyuma juu yake.

"Papa Mukalay, tupumuzike?" aliuliza Lucien kila baada ya kilima.

"Twende," nikamjibu kila mara. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; nilimwona Lucien akitembea na saki yake kama anakwenda sokoni, nikamchukia bila kosa lolote.

Asubuhi ya siku ya pili ya safari ya kurudi tulikuwa tumetua mizigo kunywa maji. Mbawala dume akatoka kwenye majani, akasimama. Alisimama ubavu wote wazi, umbali ambao hata mtoto hakosi. Lucien hakuwa na risasi iliyo tayari. Mimi nilikuwa nayo. Nikainua pupu taratibu, nikalenga nyuma ya bega, nikavuta.

Hakuna kilichotokea. Nikavuta tena. Nikashusha macho, nikaona kidole changu kimekaa kwenye mbao, pembeni kabisa, hakijagusa chuma. Nilikuwa nimevuta hewa. Nilikiangalia kidole kile kama kidole cha mtu mwingine aliyekaa karibu nami, nikakiamuru kisogee, na hakikusogea. Mbawala akageuza kichwa, akaondoka bila hata kukimbia.

"Baruti imelowa," nikasema.

Lucien aliichukua pupu, akaiangalia, akanusa. Baruti ilikuwa kavu, na alijua. "Ndiyo, papa," akasema, "imelowa." Akainua mzigo wake. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na niliogopa, na nilikuwa nimechoka mno kuvitenganisha.

Kesho yake jioni nilifika nyumbani. Tshala alinivua begi, akanivua shati, kwa maana mimi sikuweza. Aliyaona mabega. Aliuinua mkono wangu, akauachia, ukaanguka kama kitu kisicho na mwenyewe. Hakulia. Tshala anapokasirika huwa mpole sana.

"Miaka kumi na kenda," alisema. "Kuku moja na kitenge moja."

Akaingia ndani. Nilisikia sanduku linafunguliwa, lile lenye kitenge alichokuwa anakiweka kwa ajili ya Pasaka. Halafu nyuma ya nyumba kuku akapiga kelele. Akapita mbele yangu navyo vyote viwili, akafunga lango. Kazi ya mwanaume akaifanya mwanamke, na mimi nilikaa kwenye kiti nikamwacha aifanye.

Kesho yake niliitwa. Kuku alikuwa amekwisha kupikwa. Pazia la maua lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba, na Mama Mbombo alikaa kwenye meza, amejifunga kitenge kipya. Ni mwanamke mdogo, sikujua, sauti ilinidanganya. Ana jicho moja lenye ukungu. Tukala. Nilikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikauficha chini ya meza, nikitumaini hauonekani. Tulipomaliza aliosha mikono, akasema:

"Simama, muko wangu. Leta ile begi."

Akanizunguka mara moja. Akanivuta suruali chini, mbele ya mwanawe, kama anavyovuta turubai lililokunjamana.

"Nani anavaaka patalo vile?" akauliza. "Unabeba patalo ao patalo inakubeba?"

Tshala akacheka hadi akakaa chini. Hata mimi nilicheka. Kisha Mama Mbombo akaweka mikono yake miwili kwenye nyonga zangu, akabonyeza mfupa kwa vidole gumba. "Hapa. Mufupa huu njo utabeba. Mufupa haichokake." Akapima upya kutoka shingoni, akatoa pini kwenye fremu, akapandisha bretele matundu matatu. Matundu matatu! Akamwambia Tshala alete gunia dogo la mahindi, wakalitia ndani wote wawili, wakaniinulia.

"Mbele unafunga mukaba. Funga sana. Sana, muko wangu, hauko mutoto mukike. Sasa njo unavuta bretele, pole. Vidole viwili vipite chini yake."

Nilifunga, nikavuta. Na uzito ukashuka. Sijui niseme vipi. Miaka ishirini na tano mabega yangu yalibeba, halafu dakika hiyo yakaambiwa nendeni mkapumzike. Mahindi yalikuwapo, kilo arobaini na zaidi, niliyasikia miguuni, kwenye mifupa, lakini juu nilikuwa mwepesi. Nilipumua hadi mwisho. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Iko muzuri?" akauliza.

"Iko muzuri, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo usoni.

Alifurahi, akawa na haraka ya kumaliza. Ncha za bretele zilikuwa ndefu, alitaka kuzikunja na kuzishona. Akanipa ncha ya kulia niishike kifuani kati ya kidole gumba na cha shahada, akachomeka sindano kubwa, ile ya maturubai. Jicho lake lenye ukungu lilikuwa upande huo. Sindano ilipita kwenye mkanda, ikaingia kwenye kidole gumba changu.

Mimi nilikuwa namwangalia Tshala, namwambia atazame nilivyosimama wima. Nilimwona Mama Mbombo ameacha kushona. Nikashusha macho. Damu ilikuwa inatiririka kwenye mkanda, na sindano ilikuwa bado ndani.

Akaichomoa taratibu. Akachoma kidole cha pili, kidogo, akiniangalia usoni. Halafu cha shahada. Hiki ni kile cha kuvutia pupu. Nilikuwa nangoja kusikia kitu, chochote, hata moto, hata sisimizi.

"Tangu wakati gani?" akauliza.

"Tangu mvua ya kwanza."

"Na siku ile, wakati ulisimama pale, nyuma ya rido, ilikuwa vile?"

"Siku ile ilikuwa inasikia kidogo, mama. Nusu."

Alimgeukia mwanawe, na kwa mara ya kwanza sauti ile niliyoijua miaka yote ikapanda. "Baliniambia mugongo! Weye Tshala, uliniambia mugongo!" Tshala alijifunika uso. Nikasema si kosa lake, mimi nilimwapisha. Mama Mbombo akakaa kwenye kiti cha cherehani. Aliushika mkono wangu kwenye mapaja yake, akaupangusa damu kwa ncha ya kitenge kile kipya cha Pasaka.

"Mugongo inaweza kungoja," alisema. "Kama balisema mukono, ningetoka nyuma ya rido siku ya kwanza. Bila kuku. Bila kitenge. Nani angenihukumu?"

Nilisimama pale na mahindi mgongoni, nimefungwa vizuri kabisa. Baadaye akachukua sindano, akamalizia mshono. Aliniuliza kama wanipakue. Nikasema waache kwanza. Nikazunguka uani kwake mara mbili, na lile begi halikunisumbua popote.

Alhamisi iliyofuata Lucien alikuja na baiskeli yake. Nilimkuta langoni, nikampa pupu. Aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani alikwisha kuelewa tangu asubuhi ile ya mbawala.

"Weye utapiga," nikamwambia. "Minyi nitabeba."

Akatangulia. Nikamfuata nyuma, na mabega hayakuniuma hata kidogo.